Tangu Siku Ulipojua

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo labda utasema halina pahali katika ukurasa wa jamaa: kompyuta yenye kasoro, ile mashini tunayoiita hapa kwetu odinatere. Ngoja kidogo, usifungue ukurasa mwingine. Jambo hili limekwisha kuingia katika nyumba yako. Usiku unapolala, telefoni yako iko wapi? Iko karibu na kichwa, imefungwa kwa umeme, na mtoto amelala pembeni.

Nitaanza na habari iliyotupata sisi wenyewe. Paruasi yetu ilinunua odinatere moja ya kubeba, ya okazioni, maana ilitumika kwanza Ulaya. Tuliinunua katika magazini moja ya mjini kwa dola 180. Akina mama walitoa karibu nusu, korali ya vijana ikamalizia. Ilitusaidia sana kuandika majina ya wabatizwa, barua na hesabu. Kisha katika mwezi wa tano, kijana anayetumika katika buro akaniita: "Pasta, kuja uone. Mashini inavimba sawa mukate." Ilikuwa kweli. Upande wa chini ulikuwa umeinuka, na mashini haikukaa tena sawasawa juu ya meza.

Tulimwita fundi, kijana wa kanisa anayetengeneza telefoni karibu na soko. Hakusema maneno mengi. Aliizima, akachomoa waya, akatoa batri polepole, akaipeleka inje na kuiweka juu ya mchanga, mbali na watoto. Kiisha akasoma namba iliyoandikwa juu ya batri, akatafuta katika intaneti ya telefoni yake. Akanitazama. "Pasta, hizi batri kiwanda yenyewe ilishaziita zirudi. Iko miaka mingi."

Mimi sikufahamu. Kiwanda inaitaje batri? Akanieleza, na mimi nakueleza wewe. Wakati mwingine kiwanda inatengeneza kitu, inakiuzisha, na nyuma yake inagundua kwamba kuna kosa ndani. Basi inatangaza namba za vitu vile, na kusema: kila mtu aliye na kitu chenye namba hizi aache kukitumia, akirudishe, atapewa kingine bila kulipa. Gharama ni ya kiwanda. Ni kama mama aliyeuzisha samaki sokoni asubuhi, na saa sita akagundua kwamba fungu moja limeoza. Anafunga meza yake, anapita mlango kwa mlango kwa wale walionunua: "Mama, usipike ile samaki. Shika feza yako." Ni wangapi wanaofanya vile? Lakini ukimwona mmoja, utanunua kwake siku zote.

Basi mwito wa batri yetu ulikuwa umetangazwa zamani. Lakini ulimfikia mwenye mashini wa kwanza, kule Ulaya. Labda alipata barua, labda hakuisoma. Mashini ikauzishwa, ikaingia katika kontena pamoja na nyingine nyingi, ikapita mipaka, ikafika Kolwezi. Barua ile haikuja nayo.

Nilirudi katika magazini. Mwenye magazini ni mtu mwema, tunasalimiana siku zote. Lakini siku ile uso wake ulibadilika. "Pasta, miezi ine unatumika nayo, leo ndio unairudisha?" Nikamwonyesha namba. Akasema, "Mi siko kiwanda. Nalileta tu mashini, sikuifanya mi. Na ule aliniuzishia, nitamupata wapi?" Nilitoka na hasira. Nilipofika nyumbani niliwaza: kweli, atampata wapi? Alinunua mashini nyingi mara moja, bila karatasi, kwa mtu asiyemjua. Yeye naye alikuwa mnunuzi kabla ya kuwa mwuzaji.

Sasa nifike pahali penye aibu. Jioni ile mtunza-feza wetu wa vijana alikuja kwangu. Ni kijana mwaminifu, hesabu zake hazipungui hata franka mia. Akasema kwa sauti ya chini: "Pasta, turudishe batri pahali pake, tuifinye muzuri, tuiuzishe kwa mutu wa Fungurume. Hatajua. Tutapata ata dola mia." Je, unadhani nilimkemea? Hapana. Nilisema, "Tutaona." Na juma zima nikanyamaza. Nilifikiri juu ya akina mama waliotoa sadaka kwa kuuzisha unga. Nilifikiri namna nitakavyosimama mbele yao na kusema feza imepotea. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumpa mtu mwingine hasara yangu.

Usiku mmoja wa juma lile nilisoma habari za viwanda vikubwa vilivyopatwa na jambo hili. Niliona kwamba wakubwa nao hujaribiwa kama sisi.

Tuanze na mwaka 1994. Kiwanda cha Marekani, Intel, kilikuwa kinauzisha kichwa cha kompyuta kiitwacho Pentium. Mwalimu mmoja wa hesabu katika jimbo la Virginia, Thomas Nicely, aliona kwamba mashini yake ikigawanya namba fulani inatoa jibu lisilo sawa. Kosa lilikuwa dogo sana, nyuma ya namba nyingi. Aliwaandikia Intel mwezi wa Oktoba. Wao walikuwa wamekwisha kulijua kosa lile miezi michache mbele. Habari ilipoenea, walijibu kwamba mtu wa kawaida angekutana na kosa hili mara moja tu katika miaka 27.000, na kwamba watabadilisha kwa yule tu atakayeonyesha kwamba kazi yake inahitaji hesabu ya namna ile.

Watu walikasirika sana. Sikiliza vizuri, msomaji: hawakukasirika juu ya kosa, kwani wengi hawakugawanya namba hizo hata siku moja. Walikasirika kwa sababu mwuzaji alisema, "Mimi ndiye nitapima kama hasara yako ni ya kweli." Tarehe 12 Desemba, kiwanda kikubwa cha IBM kikaacha kutuma mashini zake zenye Pentium ile. Tarehe 20 Desemba Intel ikaomba radhi na kukubali kubadilisha kwa kila mtu atakayeomba, bila kumwuliza sababu. Ilijitayarisha kupoteza dola milioni 475. Na ajabu ni hii: mlango ulipofunguliwa, wengi katika watu wa kawaida hawakwenda kubadilisha. Ilitosha kwao kujua kwamba wakienda watapokelewa.

Mwaka 2006 jambo likafika kwenye batri. Mwezi wa Agosti, Dell iliita batri za kompyuta zaidi ya milioni 4, na siku chache nyuma yake Apple ikaita milioni 1,8. Zote zilitengenezwa na Sony. Punje ndogo sana za chuma zilikuwa zimeingia ndani wakati wa kutengeneza, na ziliweza kuunganisha pande mbili zinazopaswa kutengana. Pande hizo zikigusana, batri inapata moto, na moto wake hauzimiki upesi. Kwa hiyo kasoro ya batri haifanani na kasoro ya hesabu: hii yaweza kuchoma kitanda.

Kiisha ukaja mwaka 2016. Samsung ilitoa telefoni yake Galaxy Note 7 mwezi wa Agosti. Telefoni kadha zikashika moto. Tarehe 2 Septemba, majuma mawili tu tangu kuanza kuuzishwa, Samsung ikatangaza kwamba itabadilisha zote milioni 2,5. Watu wakaisifu kwa kufanya upesi. Lakini zile mpya walizotoa, nazo zikashika moto! Batri zake zilitoka kwa kiwanda kingine, na zilikuwa na kosa lingine. Mwezi wa Oktoba wauzaji wakubwa wa Marekani wakakataa kuendelea kuwapa watu telefoni ile, serikali ikakataza kuingia nayo katika ndege, na Samsung ikaacha kabisa kuitengeneza. Ilituma masanduku yasiyoshika moto ili watu wazirudishe. Mwezi wa Januari 2017 ikasimama mbele ya watu na kueleza wazi makosa yote mawili.

Na wanunuzi? Hapa nilicheka peke yangu, kwa sababu nilituona sisi. Wengi walirudisha. Wengine wakakataa. Waliipenda mno, ilikuwa nzuri, yao haijaungua bado, basi wakaificha. Mwishoni Samsung ikapitisha kwa hewa amri ya kuizuia telefoni isipokee tena umeme, ili wenye shingo ngumu waache. Basi tusiseme kwamba kosa ni la wauzaji peke yao. Kuna mnunuzi anayeambiwa "hiki kitakuunguza" na bado anakikumbatia.

Sasa turudi kwetu. Ndani ya batri nyingi za telefoni na odinatere mna kobalti. Kobalti hiyo inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa katika Kongo yetu, na sehemu kubwa ni hapa Lualaba. Unajua Kasulo, ambapo tangu mwaka 2014 watu walichimba mashimo hata chini ya vyumba vyao vya kulala. Kuna ndugu zetu waliobaki ndani ya mashimo hayo. Madini yetu yanapita Kasumbalesa juu ya makamyo usiku na mchana, yanakwenda mpaka bahari, yanafika viwanda vya mbali. Kiisha yanaturudia ndani ya batri. Lakini habari kwamba batri ni mbaya, hiyo haipati kamyo. Mwito wa kiwanda unafika London na Chicago, haufiki Dilala wala Manika. Jambo hili linaniuma, na nadhani linakuuma wewe pia.

Na kuna batri ambazo hata mwito hazina: zile za bandia. Jirani zetu waliliona. Nchi ya Kenya ilizima telefoni za bandia tarehe 30 Septemba 2012, karibu milioni 1,9. Tanzania ikafanya vilevile usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Watu waliamka, telefoni ikawa jiwe mkononi. Na nani aliwalipa? Kitu cha bandia hakina baba wa kukiita kirudi nyumbani. Mnunuzi ndiye aliyebeba mzigo wote.

Kwa hiyo sisi wa huku, tukingoja barua ya kiwanda, tutangoja sana. Mwito lazima uanze kati yetu: kutoka kwa fundi kwenda kwa mwenye magazini, kutoka kwa mwenye magazini kwenda kwa mnunuzi, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani.

Katika juma lile la kunyamaza nilisoma pia sheria ya Musa juu ya ng'ombe, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21. Naliisoma mara nyingi katika shule ya Biblia bila kuona neno lililo ndani yake. Ng'ombe akimpiga mtu pembe na mtu akafa, ng'ombe anauawa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuambiwa, na hakumfunga, basi hapo hukumu inamwangukia yeye mwenyewe. Ni ng'ombe yule yule na pembe zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe sasa anajua. Ukisoma zaidi utakuta mtu aliyefungua shimo na kuliacha bila kifuniko, mnyama wa mwenzake akatumbukia: ni yeye anayelipa. Sisi watu wa Kolwezi, tunaoishi kati ya mashimo, hatuhitaji mhubiri wa kutueleza hiyo.

Basi nilifahamu. Siku tuliponunua mashini ile, hatukuwa na kosa. Mwenye magazini, siku alipotuuzishia, hakujua. Lakini tangu fundi aliposoma ile namba, mimi nilijua. Tangu nilipomwonyesha mwenye magazini, naye alijua. Hapo hesabu ilianza upya kwa sisi wote wawili. Kama tungeiuzisha kwa mtu wa Fungurume, na mashini ikaungua usiku juu ya kitanda cha mtoto, hakuna mtu angetujua. Lakini sisi tungejua.

Jumapili nilisimama, nikawaeleza akina mama na vijana habari yote, pamoja na juma langu la kunyamaza. Mama mmoja mzee alisema, "Pasta, feza tunaitafuta tena. Mutoto hatumutafute tena." Mtunza-feza alilia. Tuliibakisha mashini bila batri. Inatumika kwa waya tu, na SNEL ikikata umeme, kazi yetu inakatika pale pale. Vijana wanacheka, wanasema mashini ya kanisa inalala mapema.

Na mwenye magazini? Hakuturudishia feza, nakwambia ukweli. Lakini majuma mawili nyuma yake nilipita pale, nikaona mashini tatu zimewekwa pembeni bila batri, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: HAINA BATRI, BEI CHINI. Akaniambia, "Ile namba ulinionyesha, nalikuta ingine tatu nayo. Naliitosha." Alikuwa pia amewapigia telefoni wanunuzi wawili aliokuwa na namba zao. Mmoja alimtukana. Mwingine alikuja kutoa batri, na akanunua sharjeri papo hapo. Nilimpa mkono. Alipoteza feza, na sijui kama atairudisha yote. Lakini mimi, nikitaka kununua kitu, nitakwenda kwake.

Kabla ya kufunga, maneno machache ya kushika.

Wewe unayenunua: omba fakitire, hata ikiwa kipande cha daftari chenye jina, tarehe na sahihi. Andika pahali salama namba ya mashini na ya batri. Mwulize kijana mwenye intaneti aitafute katika ukurasa wa kiwanda chenyewe. Batri ikivimba, ikinuka vibaya au ikipata moto mwingi mkononi, zima, chomoa, ipeleke inje juu ya mchanga. Usiitoboe ili "kutoa hewa", usiitupe motoni, usimpe mtoto achezee. Na telefoni isilale juu ya godoro ikipokea umeme.

Wewe unayeuzisha: nunua daftari moja, andika jina na telefoni ya kila mnunuzi, na namba ya kitu alichochukua. Siku ukigundua kasoro utajua pa kupiga. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, ya tangu 1888, inasema kwamba mwuzaji hujibia kasoro iliyofichika katika kitu alichouzisha. Usiseme tu "mi siko kiwanda". Kweli wewe si kiwanda, lakini kwa mama aliyekupa feza yake, uso wa kiwanda ni uso wako.

Na wewe kijana fundi: wewe ndiye unayefungua, wewe ndiye unayeona wa kwanza. Usirudishe kifuniko juu ya jambo uliloliona. Sema.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya chakula: Je, katika nyumba yetu kuna kitu tunachojua ni kibaya, na tunangoja tu kumpata mtu wa kumwuzishia? Mtu akija kutuambia kwamba alituuzishia kitu kibaya, tutampokea namna gani, kwa matusi au kwa kiti?

Mbaki na amani. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.